Kesi Iliyokula Zamu Mbili

Ukiwauliza watu wa mahakama ile wanamwogopa nani, watakutajia majaji. Hawajui wanachosema. Jaji huipata kesi yako ikiwa imeshapelekwa kwake, na aliyeipeleka ni mzee mmoja mwembamba wa masijala, anayekaa nyuma ya dirisha dogo la mbao, miwani imefungwa uzi shingoni, vidole vina wino wa zambarau usiotoka hata kwa sabuni ya kufulia. Wenzake walimwita Bwana Muhuri. Walimwita hivyo mbele yake pia, maana hakuwa mtu wa kununa kwa ajili ya jina.

Kazi yake haikuwa ngumu kuieleza. Majaji walikuwa watatu, kila mmoja na chumba chake. Kesi ikifika dirishani, Bwana Muhuri aliigonga muhuri, akaipa namba, akaiandika katika daftari la zamu: hii Chumba cha Kwanza, inayofuata cha Pili, inayofuata cha Tatu, kisha anarudi cha Kwanza. Basi. Hakuna "jaji huyu anaijua zaidi sheria ya ardhi", hakuna "mteja wangu anasafiri kesho". Ugomvi wa mpaka wa shamba na kesi ya waziri vilipanga foleni moja. Alikuwa amelishika daftari hilo miaka ishirini na sita, na kila karani mpya alimwambia siku ya kwanza: "Siku utakayoanza kuchagua, hapa hapana mahakama tena. Pana duka."

Sasa mtu wa namna hiyo hawezi kuwa na marafiki, na kweli hakuwa nao. Mawakili walipomwita kantini wanywe naye chai, alisema ameshakunywa. Wakimkuta kituoni mvua inanyesha na wakamfungulia mlango wa gari, aliwashukuru na kubaki akilowa. Harusi za watoto wao alizisikia kwenye redio. Wenzake wa masijala mwanzoni walimdhani ana maringo, baadaye wakamzoea, mwishowe wakamsahau. Saa nne alikula mkate wake nyuma ya rafu za majalada ya zamani, amekaa kwenye kigoda, ameelekea ukutani. Mkewe alikuwa akimtania kwamba ameioa mahakama na yeye ni mke wa pili, na walikuwa wakicheka sana. Mkewe alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Tangu hapo utani wa nyumba ile ulikwisha.

Alibakiwa na binti mmoja, wa pekee. Kila Jumapili mchana binti alikuja na kikapu, akamfulia mashati, akampikia, wakala pamoja, akaondoka jioni. Wiki nzima ya yule mzee iliishi kwa ajili ya mchana huo. Jumatano alianza kukusanya vitu vya kumwambia, na alipokuwa na vitatu au vinne vya kuchekesha alilala vizuri.

Jumanne moja dirisha likajaa watu. Mkuu wa jimbo alikuwa amelivunja baraza la mji kwa barua ya kurasa mbili, madiwani wote waliochaguliwa wakaambiwa warudi makwao, na mahali pao akaweka watu wake watano. Madiwani walikuja kufungua kesi, kwamba katiba haimpi mkuu yeyote uwezo wa kufuta kura za watu kwa barua. Mbele yao alikuwa mama mmoja mshonaji, diwani wa kata ya sokoni, tepu ya kupimia bado imening'inia shingoni. Nyuma yao ukumbi mzima uliimba. Bwana Muhuri alipokea karatasi zao, akagonga namba arobaini na tatu, akaangalia daftari: Chumba cha Tatu.

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele, na hapo lazima nieleze kwa nini. Jaji wa Chumba cha Tatu ni mama waliyempa jina la Mama Kiziwi. Masikio yake ni mazima kabisa. Ila anayemjia kwa mlango wa nyuma, awe shemeji, awe waziri, hasikiki hata akipiga kelele. Jaji wa Chumba cha Pili jina lake la kantini ni Jaji Simu, kwa kuwa kila kesi ya serikali ikikolea, simu yake huita, naye huahirisha kwa dakika ishirini na kurudi akiwa amebadilika. Kama kesi ya madiwani ingeangukia Chumba cha Pili, mshonaji angeweza kurudi kwenye cherehani yake siku hiyo hiyo bila kusubiri hukumu.

Jumatano jioni, jua halijazama, mkwewe alibisha hodi. Alikuwa msaidizi katika ofisi ya mkuu wa jimbo, kijana wa tai na viatu vinavyong'aa, mwenye adabu. Kwa kawaida alimshusha mkewe mlangoni Jumapili na kuondoka. Siku hiyo aliingia, akaketi, akashika magoti yake.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu hajambo?"

"Hajambo, Baba. Nimekuja kwa jambo dogo." Akainyoosha tai. "Ile kesi ya madiwani. Ni mstari mmoja tu kwenye daftari. Ikisogea chumba kimoja nyuma, hakuna atakayeumia. Majaji wote ni majaji, au siyo?"

"Kama wote ni majaji, unataka isogee ya nini?"

Kijana alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyebanwa. "Baba, pale ofisini wanajua mwenye daftari ni mkwe wangu. Nimeambiwa mbele za watu. Nikirudi mikono mitupu, sidhani kama nitaimaliza wiki. Na mimi nikifukuzwa, anayelala njaa ni binti yako."

"Mwambie aje ale hapa."

"Baba, nazungumza kwa uzito."

"Na mimi pia," mzee alisema. "Lile daftari si langu. Lingekuwa langu ningekupa, ukaenda nalo."

Kijana alisimama, akaaga kwa heshima zote, na chai aliyowekewa akaiacha bila kuigusa. Kesho yake mchana binti alipiga simu. Hakugombana. Alisema tu kwamba Jumapili asimsubiri, wana shughuli. Mzee akauliza Jumapili ijayo je. Binti akasema, "Tutaona, Baba," akakata.

Ijumaa ndiyo siku ya kulinganisha orodha. Makarani wa vyumba vitatu humletea mzee orodha za kesi walizopokea wiki hiyo, naye huzitia alama moja moja kwa penseli. Alianza cha Kwanza: namba arobaini na moja, ndugu wawili wanaogombea nyumba ya baba yao. Alama. Akaja cha Pili: namba arobaini na mbili, ndugu wawili wanaogombea nyumba ya baba yao.

Aliivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Ndugu walikuwa wale wale. Nyumba ilikuwa ile ile.

Hapo hapo akakumbuka yote. Jumanne asubuhi wakili wa wale ndugu alileta kesi, yeye akaigonga muhuri na kuiandikia zamu ya Chumba cha Kwanza, kisha akaona kiapo hakijatiwa saini. Akamrudishia wakili akasaini. Mtu ukimrudishia karatasi baada ya muhuri, jalada lake tupu unaliweka kushoto kwako, uso chini, ili akija usimfungulie jipya. Ni utaratibu wake mwenyewe, aliwafundisha wengine. Na aliliweka. Lakini wakili aliporudi saa nne, ukumbi ulikuwa unaimba, makaratasi ya madiwani, bado hayajagongwa muhuri, yamelifunika lile jalada, na mzee wa miaka ishirini na sita kazini akafungua jingine, akagonga namba mpya, akaandika Chumba cha Pili. Jioni lile jalada tupu nalo likapelekwa Chumba cha Kwanza pamoja na mengine. Kesi moja ikala zamu mbili. Iliyofuata ikasukumwa hatua moja mbele, nayo ilikuwa ya madiwani.

Kwa haki ya daftari, kesi ya madiwani ilikuwa ya Chumba cha Pili. Ya Jaji Simu.

Msomaji, usidhani hakushawishika. Alishawishika mpaka jasho likamtoka. Karani wa Chumba cha Pili angelifuta lile jalada la ziada na kuliita kosa dogo, na hakuna ambaye angegeuza kichwa. Mama Kiziwi angeisikiliza kesi. Mshonaji angepata haki yake. Ila kanuni ilikuwa wazi, na aliyeiandika ni yeye, miaka kumi na moja nyuma: kosa la zamu likigunduliwa kabla jaji hajaanza kusikiliza, zamu zote zilizofuata zinarudi hatua moja. Na kama angenyamaza kwa sababu anampenda zaidi jaji mmoja, tofauti yake na mkwewe ingekuwa nini? Mkwewe alitaka kuichagulia kesi jaji mbaya. Yeye angekuwa ameichagulia mzuri. Wote wawili ni wachaguaji.

Jumapili alikaa mezani peke yake. Hakupika. Alikuwa na vitu vitano vya kumwambia binti yake, vya wiki nzima, na kimoja kilikuwa hiki. Alitamani sana kumwuliza mtu. Si ushauri, maana alikwisha kukata shauri. Alitaka tu mtu mwingine alijue jambo hilo wakati yeye analijua. Alimfikiria kila mtu mjini, akaona hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumpigia simu.

Jumatatu aliandika barua kwa msajili wa mahakama, akaambatanisha majalada mawili ya wale ndugu, akabandika nakala ubaoni. Msajili alisoma, akamtazama juu ya karatasi, akatabasamu kwa namna ambayo mzee hakuipenda. "Nakuelewa, Bwana Muhuri," alisema. "Miaka yote hii! Basi na wewe ni binadamu." Akasaini.

Kisha ilimbidi apande ngazi kwenda kulichukua jalada Chumba cha Tatu. Kwa miaka tisa Mama Kiziwi na yeye walikuwa wamesalimiana kila asubuhi kwa maneno yale yale, na kwa mzee yule salamu hiyo ilikuwa kama heshima ya taifa zima. Jaji alisoma barua. Akayafungua majalada mawili, akalinganisha tarehe na mihuri, taratibu, bila haraka.

"Nilikuwa nimeshaanza kulisoma," alisema.

"Najua, mheshimiwa."

"Nani mwingine amekuja kwako kuhusu kesi hii?"

Hakuweza kudanganya. "Mkwe wangu, mheshimiwa. Jumatano. Nilimkatalia."

"Ulimkatalia Jumatano, na kosa ukaliona Ijumaa."

"Ndivyo ilivyokuwa, mheshimiwa."

Jaji alimsogezea jalada. Alisema mahakama haifanyi kazi kwa kudhani, karatasi ziko sawa, alichukue. Lakini asubuhi iliyofuata, mzee aliposimama kando ya ngazi kumsalimu, mama yule alipita akisoma kitu mkononi.

Mshonaji yeye hakupindisha maneno. Alikuja dirishani na ukumbi ukimsikia.

"Wamekupa nini, mzee?"

"Hawakunipa kitu, mama. Njoo uone." Akamtolea majalada mawili, akamwonyesha mihuri, namba, saini ya wakili.

Mshonaji aliyatazama kweli. Hakuwa mtu wa kudharau ushahidi. Mwishowe akayarudisha kwa kidole kimoja. "Karatasi ni zenu. Muhuri ni wenu. Daftari ni lenu. Mkitaka jalada la pili, nani atawazuia kulitengeneza?"

Bwana Muhuri aliyafunga majalada, akayaweka kando. Maana alichosema yule mama kilikuwa kweli. Kila kitu ambacho kingemtetea kilitoka mkononi mwake mwenyewe.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki tano. Jaji Simu aliitupa kesi ya madiwani kwa kurasa nne. Mzee alizipitia alipokuwa anazigonga muhuri, na katika ukurasa wa tatu aliona tarehe ya uchaguzi imekosewa kwa mwaka mmoja. Kosa hilo alikwisha kuliona mahali. Alilitafuta, akalikuta katika hoja za wakili wa serikali, pale pale, neno kwa neno. Jaji hakuwa ameandika hukumu; alikuwa ameinakili. Mzee alikaa kwenye kigoda chake nyuma ya rafu na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mkewe alilia, bila sauti, akiwa amekishika kidau cha wino wa muhuri asije akakiangusha. Mshonaji alipokuja kuandikisha rufaa, alipokea stakabadhi yake bila kumtazama usoni.

Jumapili hiyo gari lilisimama nje. Mzee alidhani ni la jirani. Kisha akaisikia sauti ya binti yake, na akasimama ghafla hata kiti kikaanguka.

Walikuja wote wawili. Binti na hotipoti tatu, mkwewe na tabasamu kutoka sikio hadi sikio. Kijana alikuwa amepandishwa cheo. Alimshika mzee mkono kwa mikono miwili, akainama kabisa. "Baba, mimi nilikukosea. Siku ile nilidhani umenifukuza. Kumbe mkubwa hasemi, anatenda!" Alikula, akasifu, akacheka, na kabla ya kumaliza sahani akamwinamia karibu. "Kuna jingine linakuja mwezi ujao. La wenye magazeti. Tutazungumza, hamna haraka." Simu yake ikaita, akatoka nayo uani.

Binti alibaki. Alikuwa amezipanga sahani vizuri, amelifungua dirisha lililokuwa limefungwa wiki saba, na uso wake ulikuwa laini kama alipokuwa mdogo.

"Baba," alisema, "nataka nikwambie kitu, usinicheke. Tangu nikiwa mtoto nilijua nina baba mwema. Kila mtu aliniambia. Lakini nilijua pia kwamba siku nikianguka mtoni na mtu mwingine akianguka, wewe utauliza nani ameanguka kwanza." Akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Mama alilijua hilo akalifanya utani. Mimi halikuwahi kunichekesha. Sasa nimejua. Ulipofika mahali pa kuchagua, ulinichagua mimi."

Alimshika mkono wenye wino. Mzee hakukumbuka mara ya mwisho mtu yeyote kumshika mkono. Nje mkwewe alikuwa akisema, "Ndiyo, mkuu, hapa hapa nipo kwake, hakuna shida, huyu ni wetu."

Angeweza kunyamaza. Ndilo jambo ninalotaka ulipime vizuri, maana wengi humsema yule mzee kana kwamba hakuwa na moyo. Kunyamaza kungempa Jumapili zake zote zilizobaki. Na kunyamaza kungempa mkwewe kesi ya wenye magazeti, na nyingine baada ya hiyo.

"Mwanangu," alisema, "sikuisogeza kesi kwa ajili yako."

"Najua huwezi kusema kwa mdomo, Baba. Si lazima."

"Nisikilize. Nilikosea. Kuna kesi niliiandika mara mbili. Nilipolisahihisha kosa, ile ya madiwani ikarudi ilikotakiwa kuwa. Isingekuwa hivyo, ingebaki kwa Mama Kiziwi, hata kama mumeo angefukuzwa. Hata kama ungeacha kuja."

Binti hakuuachia mkono wake mara moja. Alimtazama muda mrefu, akitafuta mahali pa mzaha, asipaone.

"Kwa hiyo ulikaa hapa wiki saba, unajua sitakuja, na hukufikiria hata mara moja?"

"Nilifikiria kila siku."

"Na?"

Jibu alikwisha kulitoa.

"Ungeniacha niamini tu, Baba. Ungepungukiwa nini?"

"Mumeo angerudi na faili jingine."

"Na mimi?" binti aliuliza. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mimi nirudi na nini?"

Aliinuka. Akafunika hotipoti zilizokuwa bado na chakula, akazirudisha kikapuni, kisha akazitoa tena, akaziacha mezani. Alikwenda chumbani, akarudi na mashati manne machafu, akasimama nayo mikononi kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mwishowe aliyaweka juu ya kiti. Akatoka, na mzee akasikia akimwambia mumewe washa gari, na mumewe akiuliza kuna nini, na yeye akisema hakuna kitu, twende.

Mzee alisubiri mpaka gari lilipokata kona. Kisha alitia maji kwenye beseni, akachukua shati la kwanza, akaanza kuusugua mkono wa kulia wa shati, pale penye wino.